Siku Tulipowapeleka Wanasheria Mtoni

Mwezi mmoja baada ya kustaafu nilipigiwa simu kutoka ofisini kuulizwa ufunguo wa kabati la chupa za sampuli uko wapi. Niliwajibu kwamba kabati lile halijawahi kuwa na ufunguo tangu nilipolirithi. Hufunguka kwa teke moja, upande wa chini kushoto. Nilipokata simu nikakumbuka kwamba taarifa yangu ya makabidhiano ilikuwa na kurasa nyingi na hakuna hata moja iliyotaja teke. Basi nayaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki na kabati, na mito, na wachimbaji. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajazifikia.

Nilianza kazi ya mazingira Kahama nikiwa binti niliyetoka chuoni na viatu vyeupe. Aliyenipokea alikuwa Mzee Bundala, fundi sanifu wa maji, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata Agosti kwa sababu mifuko yake ilikuwa mikubwa. Siku ya kwanza alinipa baiskeli na chupa sita, akanituma nikachote maji kwenye malambo na visima vya upande wa Kagongwa. Nilizunguka mchana kutwa. Nilisuuza kila chupa mara tatu kwa maji ya palepale, kama tulivyofundishwa, nikarudi jioni nimechoka lakini najisifu moyoni.

"Hii ya wapi?" akauliza, ameshika chupa moja.

"Ya lambo la kwanza, Mzee. Au la pili."

Akazipanga zote sita mezani. Sikuwa nimeandika lebo hata moja, maana nilidhani nitakumbuka. Mzee Bundala hakunigombeza. Alifungua dirisha, akamwaga chupa zote sita kwenye mipapai ya ofisi, moja baada ya nyingine, kisha akanirudishia zikiwa tupu.

"Kesho baiskeli ipo," akasema.

Tangu siku hiyo huandika lebo kabla ya kuchota: mahali, tarehe, saa, jina la mchotaji. Nimeandika lebo hata kwenye chupa za mafuta ya kupikia nyumbani, na mume wangu alishazoea.

Mzee Bundala alinifundisha pia kuongea na wachimbaji. Alisema usifike mwaloni na faili mkononi, maana watakueleza kilichomo kwenye faili. Fika mikono mitupu, salimia, kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, waulize karasha, ile mashine ya kusagia mawe, limesaga nini leo. Mwalo, kwa wageni wa kazi hii, ni mahali wanapooshea mchanga uliosagwa ili wapate dhahabu, na zebaki ndiyo inayoikamata. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa wanauita marudio. Wakishakuzoea watakuonyesha wenyewe marudio wanayamwaga wapi. Njia hii imenisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria, ingawa imeniharibia sketi nyingi.

Kesi iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya Masanja. Kijiji na mto sitavitaja kwa majina, kwa sababu Masanja yu hai, anakula vizuri, na ana mwanasheria. Ni upande wa kwenda Bukombe. Mwalo wake ulikuwa kando kabisa ya mto, na mto wenyewe ni kama mito yetu mingi: masika unabomoa madaraja, kiangazi ni mchanga mweupe mtupu. Watu wa kule hufukua visima mle mchangani, kimo cha kiuno cha mtu, wakachota maji safi ya kunywa. Kisima cha familia ya Mama Nkwimba kilikuwa mita mia chache tu chini ya mwalo, baada ya kona.

Mama Nkwimba alikuja ofisini kwangu kwa miguu, akakaa kwenye benchi, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwanangu. Yule mtu anaosha dawa zake kwenye maji yetu."

Tulimpeleka Masanja mahakamani. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa Luhende, kijana mpole mwenye tai ndefu kupita kiasi, na kesi tuliiandaa vizuri kwa lebo, picha na ramani. Hakimu alisoma kanuni iliyokuwapo, kisha akanigeukia.

"Shahidi, kanuni inasema mto ni maji yanayotiririka. Siku hiyo ulipokwenda, maji yalikuwa yanatiririka?"

"Hapana, Mheshimiwa. Yalikuwa chini ya mchanga."

"Yalikuwa yanatiririka?"

"Hapana."

Kesi ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Gari la ofisi lilikuwa bovu siku hiyo, kwa hiyo Masanja alitupa lifti kuturudisha, mimi na Luhende tumekaa nyuma kama washitakiwa. Njiani alisimama akatununulia karanga. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Nilipomsihi ahame alinijibu kwa upole kabisa, "Mama Kulwa, ningekuwa mtoni ningehama. Lakini hakimu amesema sipo mtoni."

Ndipo ikaja ile shughuli ya kuoanisha sheria. Nchi za kanda yetu zilikuwa zimekubaliana kuwa na viwango vya pamoja kuhusu uchimbaji mdogo na vyanzo vya maji, kisha kila nchi irekebishe sheria zake zifuate. Wataalamu wangetembeleana kwa ziara za mafunzo, waone mambo yanavyokwenda kwa wenzao. Mimi na Luhende tuliingizwa kwenye ujumbe wa kwetu, nadhani kwa sababu tulikuwa tumeshindwa kesi, na taifa lilihitaji watu wenye uzoefu.

Ziara ya kwanza ilikuwa ya nchi jirani, kwenye vilima vya kijani ambako mvua huja bila kuombewa. Tulionyeshwa mto mpana, umejaa, una vyura. Luhende alipiga picha kila kibao kilichoandikwa onyo. Jioni tuliandika katika taarifa kwamba "tumejifunza mengi", sentensi ambayo haijawahi kumdhuru mtu yeyote, na nawashauri muitunze.

Kesho yake tukapewa rasimu ya viwango. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa maana za maneno. Humo mto ulikuwa "maji yanayotiririka katika njia ya asili kwa mwaka mzima." Nikaona picha ya Masanja akitabasamu. Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti wa kamati ya uandishi alikuwa Wakili Kagwa, mtu mzima, mtanashati, mwenye viatu vyeusi vilivyong'aa hata chini ya meza. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kimenyooka, kila neno limepigwa pasi.

"Mama, mto usiokuwa na maji mnauita nini?"

"Tunauita mto, Wakili. Maji yake yako chini."

"Mama yangu, kila mahali duniani maji yako chini."

Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, maana lilikuwa jibu zuri. Lakini nilipokaa nilimfikiria Mama Nkwimba na benchi langu, na kicheko kikaniganda. Luhende, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alisimama akapendekeza ziara inayofuata ifanyike kwetu, tena kiangazi. Hakuna aliyepinga. Walidhani wanakuja kuona dhahabu.

Maandalizi ya ugeni yaliniongezea mvi. Mkuu wangu wa idara alipoona ratiba alishtuka.

"Mama Kulwa, wageni wa mambo ya maji utawapeleka mahali pasipo na maji?"

"Ndiyo mada yenyewe, Bosi."

"Wapeleke Geita, ziwani. Kule maji yanaonekana."

Tulivutana wiki nzima. Mwisho alikubali, kwa sharti kwamba mawe ya njia ya kuingia kijijini yapakwe chokaa. Yakapakwa. Mbuzi waliyalamba karibu yote kabla wageni hawajafika.

Kosa langu mimi lilikuwa kutokumweleza Masanja chochote. Niliogopa akijua atafunga mwalo na kufagia, wageni wakute uwanja. Lakini kijijini habari haina mlango. Alisikia wageni wa nje wanakuja na basi, wamevaa suti, akajua kwa hakika kwamba ni wawekezaji.

Siku yenyewe tuliondoka Kahama asubuhi. Basi lilifika ukingoni likasimama, ujumbe mzima ukashuka, wakatembea hadi katikati ya ule mchanga mweupe wakinyoosha miguu. Wakili Kagwa alitazama kushoto na kulia.

"Mto uko mbali kutoka hapa?"

"Upo chini ya viatu vyako, Wakili."

Alitazama viatu, akatikisa kichwa. "Mama, hili ni korongo."

Dereva, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, aliamua kulivusha basi lipate kivuli upande wa pili. Lilifika katikati. Wakili alilionyesha kwa kidole.

"Mnaona? Kisheria, kitu kinachopitisha basi ni barabara."

Basi likatitia. Magurudumu ya nyuma yalizama taratibu mpaka ngazi ya mlango ikalala juu ya mchanga.

"Na kitu kinachozamisha basi?" Luhende akauliza kwa adabu.

Ilibidi tutume watu wakaombe maksai. Mwenye maksai alikuwa shambani, na maksai walikuwa machungani, kwa hiyo tukawa na muda. Mama Nkwimba alitandika mikeka chini ya mgunga, akaleta chai na sinia la michembe. Wageni hawakuwa wameona viazi vilivyokaushwa wakaviogopa kidogo, kisha wakavimaliza. Wakili Kagwa alikunywa vikombe vitatu. Mimi nilikunywa viwili.

"Chai hii ni tamu sana, Mama. Mmepata shida kuleta maji kutoka mjini?"

Mama Nkwimba Kiswahili anakijua, ila hukitumia kwa kubana. Alinyanyuka, akamshika mkono kama anavyoshikwa bibi harusi, akamwongoza hatua chache hadi kwenye shimo lililozungushiwa miiba. Akaingia, akachota kwa kata, akainua. Maji yalikuwa maangavu kama kioo.

"Haya," akasema. "Ya mto."

Wakili alitazama maji, akatazama mchanga, akatazama basi. Sijui angesema nini, kwa sababu hapo ndipo Masanja alipofika kwa pikipiki, amevaa shati jeupe na kofia ya kizungu, akiwakaribisha wageni wote mwaloni kwake. Alikuwa amechinja mbuzi.

Tukaenda kwa miguu, tukakata kona, tukaukuta. Masanja hakuwa amefunga wala kufagia. Ili wawekezaji waone uzalishaji alikuwa ameita wafanyakazi wote, na madimbwi yote ya kuoshea yalikuwa yanafanya kazi kwa pamoja. Akasimama mbele ya wanasheria wa nchi kadhaa akaeleza kila kitu, bila kuruka hatua, kwa ufasaha ambao mimi sikuufikia mahakamani.

"Hapa tunatia zebaki. Inakamata dhahabu, hii hapa. Marudio tunamwaga pale. Maji machafu hatuna shida nayo, mchanga unayanywa wenyewe. Wengine wanahangaika na mifereji, sisi hatuna gharama hiyo."

"Yanakwenda wapi?" Wakili Kagwa akauliza.

"Chini," Masanja akajibu kwa fahari.

Wakili aligeuka akatazama kona tuliyotoka. Mkono wake ulipanda taratibu ukatulia tumboni. Mbuzi yule hakuliwa na wageni hata mnofu, na Masanja aliumia sana kwa hilo.

Nilifungua kuli-boksi, lile sanduku la kutunzia ubaridi, nikachukua sampuli, lebo kwanza, wageni wakinishikia chupa kama wasimamizi wa ubatizo. Nilichota kwenye kisima cha chai. Nilipouliza kama kuna kingine, Mama Nkwimba akanionyesha kisima cha juu, karibu zaidi na mwalo, ambacho mkwewe alikuwa amekichimba majuma machache nyuma ili asitembee mbali. Sikuwa na habari nacho. Nacho nikachota. Maksai walikuja jioni wakalitoa basi, na mwenye maksai akawapigia wanasheria makofi kwa namna walivyosukuma.

Maabara ilichukua siku zake. Siku ya pili Wakili Kagwa alinipigia simu kutoka kwao.

"Mama Kulwa, shikamoo. Majibu ya chai yangu yametoka?"

"Bado, Wakili. Na usiniamkie, wewe ni mkubwa kwangu."

Siku ya nne akapiga tena. Siku ya sita alipiga asubuhi na mchana, akanieleza kwamba tumbo linanguruma, nikamwambia michembe hufanya hivyo. Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nalala vibaya. Mume wangu aliniuliza kwa nini nakunywa maji mengi, nikasema joto.

Majibu yalipofika niliyasoma nimesimama. Kisima cha chai kilikuwa salama, kilikuwa bado hakijafikiwa. Kisima cha juu kilikuwa na zebaki kupita kiwango. Nikampigia.

"Wakili, chai yako ni salama."

Nikamsikia anapumua.

"Lakini kisima cha juu kimeharibika."

"Nani anakunywa cha juu?"

"Wajukuu wa yule mama aliyekushika mkono."

Nikasikia akivuta karatasi. Kisha akasema, "Nitumie majibu yote mawili. Usiyapitishe kwa mtu yeyote, nitumie mimi." Hakuuliza tena habari za tumbo lake.

Siku hiyohiyo nilikwenda kukifukia kile kisima. Mkwe wa Mama Nkwimba alisimama pembeni na ndoo tupu. Watoto walipelekwa hospitali wakapimwa, daktari akataka wawe wanarudi kliniki, nami nikawa nawapeleka mwenyewe kila lilipopatikana gari. Walikuwa wamekinywa kwa majuma machache tu. Mpaka nastaafu walikuwa wanakimbia na kutukanana kama watoto wengine. Lakini ile ndoo tupu sijaisahau, na msidhani kazi hii ni ya vituko peke yake.

Kikao kilichofuata, Wakili Kagwa alisoma maana mpya ya mto aliyoiandika yeye mwenyewe. Ilitaja njia ya maji, kingo zake, na mchanga wake, "yawe maji yanaonekana au hayaonekani". Mjumbe mmoja aliuliza mwanasheria atathibitishaje maji yasiyoonekana. Wakili akavua miwani.

"Mimi niliyanywa," akasema. "Vikombe vitatu."

Kifungu kikapita. Kikashuka kwenye kanuni za kwetu, kikashuka tena kwenye sheria ndogo za halmashauri, kwa mwendo wa konokono anayejua anakokwenda. Siku karatasi ilipofika mezani kwangu, mimi na Luhende tulikwenda kwa Masanja, safari hii na faili. Alisoma polepole akifuatisha kwa kidole.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa mtoni?"

"Siku zote."

"Na hakimu je?"

"Hakimu alisoma kilichoandikwa," Luhende akasema. "Sasa kimeandikwa kingine."

Masanja alikunja karatasi, akauliza kama lile basi nalo litashitakiwa kwa kuingia mtoni, tukasema hapana. Akahama. Alinung'unika, lakini alihama, akaenda juu kwenye mwinuko na kujenga madimbwi yenye sakafu ya saruji, na leo huwaonyesha wageni kana kwamba ni yeye aliyetunga kifungu. Nilikwenda kumpa Mama Nkwimba habari kwamba nchi zote za kanda zimekubali kuwa ule ni mto.

"Wabeja," akashukuru, akiendelea kupepeta mtama. "Na sisi tuliwaambia. Mlikuwa mnamngoja nani?"



Baada ya kustaafu nilikodi kipande cha ardhi nje kidogo ya mji, nikalima vitunguu. Udongo mzuri, unyevu haukauki, na pampu ndogo ilitosha. Vitunguu vilinawiri mpaka majirani wakaanza kunisalimia mara mbili. Juzi alikuja Neema, afisa niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alikuja mikono mitupu, akaniamkia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza vitunguu vinaendeleaje. Hapo nikajua nimekwisha.

"Mama," akasema, "nimepima kutoka ukingo wa mto. Bustani ipo ndani ya eneo lisiloruhusiwa kulimwa."

"Mto upi?" nikauliza, na hapohapo nikaona haya. Nyuma ya vitunguu vyangu kulikuwa na mchanga mweupe, umekauka, una nyayo za ng'ombe.

Nikamwomba anipe wiki sita viive. Akafungua simu, akaisoma kanuni yote, kwa makini, kama nilivyomfundisha.

"Nimetafuta, Mama. Hakuna kifungu kinachosamehe bustani ndogo."

Najua hakuna. Kwenye kikao kile mjumbe mmoja alikipendekeza, akazungumza vizuri sana habari za akina mama na mboga zao, na wengi walikuwa wameshaanza kuitikia. Mtu mmoja tu, Mama Kulwa wa Kahama, ndiye aliyesimama akapinga, akasema tukiruhusu kitunguu leo, kesho kitafuata mwalo. Alipigiwa makofi.

Neema alinisaidia kung'oa. Tulimaliza kabla ya adhuhuri, akaondoka na fungu moja la vitunguu vichanga. Nilimlazimisha aandike kwenye daftari kwamba amepewa baada ya kung'oa, si kabla.